Sahihi ya Ishirini na Tano

Dursun aliingia bila kubisha hodi, kama ilivyo haki ya kirve, akaitandaza karatasi mezani katikati ya bilauri za chai.

"Niandikie, kirve," alisema. "Mwisho wa mwezi wa sita wanafunga dirisha."

Haydar Tosun hakuhitaji kuisoma. Alikwisha kuisoma kiwandani mara ishirini na kuitolea hotuba mara thelathini. Ilikuwa fomu ya kuondoka. Serikali ya Ujerumani, baada ya kuwakamua watu miaka kumi na mitano, ilikuwa imebuni adabu mpya ya kumfukuza mgeni. Humwambii toka. Unampunguzia kazi, unamwonyesha maki elfu kumi na nusu, na nyongeza kwa kila mtoto kama mtu anayepima mbuzi mnadani, kisha yeye mwenyewe anatia sahihi kwamba hatarudi tena. Wala si yeye peke yake. Mke hatarudi, watoto hawatarudi, hata yule aliyezaliwa ghorofa ya tatu juu ya duka la mikate, asiyejua kama Sivas ni mji au ni ugonjwa.

"Una haraka gani?" Haydar aliuliza.

"Haraka? Siku tatu kwa wiki tunafanya kazi, siku nne nashinda nyumbani namtazama mke wangu Yeter."

Fidan, mke wa Haydar, alicheka huko jikoni. "Na Yeter anasemaje kutazamwa?"

"Anasema kiwanda kiturudishie saa zetu, shemeji, atachukua hata zamu yangu yeye."

Wakacheka. Kisha Dursun akakuna kidevu, akasema kwa sauti nyingine: "Mimi ningevumilia. Ni huyu mwanangu Veli. Ameanguka mtihani wa kuingia ufundi. Wamempa mashine ya kukereza chuma, kaifungua na kuifunga mbele yao kama mama anavyomvua mtoto nguo. Halafu wakamwekea karatasi. Kirve, kijana wa miaka kumi na sita alikaa mbele ya karatasi ile akitoka jasho. Basi, twende. Huko nyumbani angalau lugha anaijua. Kwa hilo Mungu akulipe, ulinishauri vizuri."

Haydar alishika bilauri yake mpaka ikamuunguza. "Niachie hii fomu," alisema. "Lazima niisome kwanza."

Kirve si jina la mtu. Kwao Uturuki, katika vijiji vya juu ya Sivas, mtoto wa kiume anapotahiriwa kuna mtu mmoja anayempakata na kumziba macho kwa kiganja. Damu ikidondoka kwenye nguo ya mtu huyo, nyumba zao mbili zimekuwa moja. Watoto wao hawaoani mpaka kiama, na neno la kirve halirudishwi mlangoni. Haydar alimpakata Veli katika ukumbi wa kanisa walioukodi hapo mtaani, picha ya Papa ikiwachungulia kutoka ukutani. Mtoto alipiga kelele, akamng'ata kidole, watu wakashangilia.

Haydar alikuwa mtu wa kumbukumbu ndefu, na aliitumia kama wengine wanavyotumia ngumi. Shule aliacha darasa la tatu. Kijerumani alijifunza kwenye magazeti yaliyofungia mikate, na sheria za kazi alizisoma kitandani kambini, watu sita chumba kimoja, tochi mdomoni. Sasa alikuwa kwenye kamati ya wafanyakazi, na mameneja walimwogopa kwa sababu hakusahau. Alimkumbuka daktari wa Istanbul aliyempanua mdomo na kumhesabu meno kabla ya kumruhusu kupanda treni. Alimkumbuka msimamizi aliyemwita "wewe" miaka minane, na siku, na mahali. Kumbukumbu yake ilikuwa ghala kubwa lenye milango wazi, isipokuwa chumba kimoja.

Chumba hicho kilikuwa cha mwaka sabini na nne.

Mwaka ule wizara ya elimu ya jimbo iliamua kwamba wageni ni watu wa kupita, na mtu wa kupita hujengewa kibanda. Kwa hiyo watoto wao wangesoma kwa Kituruki, kwa vitabu vya Ankara na walimu wa kuletwa. Kijerumani wangeonjeshwa kama chumvi, kwa ncha ya kidole, ili siku ya kurudi kwao wasipate tabu. Mzazi achague mwenyewe. Mkuu wa shule akasema atafungua darasa hilo akipata sahihi ishirini na tano.

Na Haydar, adui wa wizara zote, akalipigia debe darasa la wizara. Alikuwa na sababu zake. Katika madarasa ya Kijerumani watoto wao waliketishwa nyuma na kupewa penseli za rangi wapake ndege na nyumba mwaka mzima. Hapa walau watafundishwa. Hapa hawatamwonea haya baba aliyevaa ovaroli. Tena ni nani kati yao ambaye hakuwa anarudi? Wote walikuwa wanarudi mwakani. Hawakununua kochi kwa sababu mwakani wanarudi, na masanduku yalikaa juu ya kabati bila kufutwa vumbi. Walirudi mwakani miaka kumi na mitano mfululizo.

Alipita mlango kwa mlango. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la binti yake, Zöhre, na aliwaonyesha watu kwa kidole: wa kwanza ni wangu. Akazipata ishirini na tano, akaimba ngazini.

Siku mbili kabla ya kuipeleka orodha, mwalimu wa chekechea, Bi Lindner, alimvuta kando kwenye makoti ya watoto. "Bwana Tosun, Zöhre ameshaanza kusoma. Usimpeleke kule. Anayeingia darasa lile hatoki. Sitakiwi kukwambia, na wewe usiseme nimekwambia."

Angeweza kupanda juu ya meza ya mkahawa wa kiwanda na kuwaambia wenzake: ndugu zangu, nimekosea, tuichane. Aliwahi kutoa hotuba kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini alikwisha kuimba ngazini. Alikwenda nyumbani, akalikata jina la Zöhre, na orodha ikabaki na ishirini na nne.

Akashuka kwa Dursun.

Dursun peke yake ndiye aliyekuwa amekataa. Veli alishinda uani na wajukuu wa Kreutzer, mlinzi wa jengo, na alikuwa akitukana Kijerumani kama dereva wa tramu. "Mwache huko huko, kirve," Dursun alisema, "anachangamka." Haydar alizungumza saa nzima. Alizungumza habari ya lugha ya mama, habari ya mtoto anayemcheka baba yake dukani. Yalikuwa maneno ya kweli, na hilo ndilo lililokuja kumkondesha baadaye: kwamba alikuwa ameiba kwa kutumia maneno ya kweli. Dursun, asiyejua kusoma, alilichora jina lake taratibu kama mtu anayechora mbuzi. Ishirini na tano.

Kuhusu Zöhre aliwaambia watu kwamba Fidan amebadilishiwa zamu ya usafi hospitalini, na shule ya ng'ambo ya reli iko njiani kwake. Waliamini. Nani alipima neno la Haydar?

Fomu ya kuondoka ililala juu ya redio siku tisa. Siku ya kumi Veli alimngoja kwenye banda la baiskeli la kiwanda.

"Kirve, nasikia karatasi yetu imelala kwako."

"Imelala."

"Iache ilale. Ikiwezekana ife kabisa."

"Hutaki kwenda?"

"Mwaka jana likizoni nilianguka kwenye punda. Kijiji kizima kilikuja kuangalia, bibi mmoja alileta na kiti chake. Mimi ni wa huko?" Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ile karatasi ya mtihani, kirve. Maneno yote nilikuwa nayajua ukiyasema. Yalipoandikwa yakanikimbia."

Haydar alijishughulisha na kufuli ya baiskeli yake. Akamweleza kwamba chama cha wafanyakazi kinafungua kozi ya mwaka mmoja, asubuhi Kijerumani, mchana karakana, mwisho cheti, na nafasi ni kumi na mbili. "Moja naweza kukupigania."

"Basi mwambie baba. Mama akimwambia mvua inanyesha, anakuja kukuuliza wewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, mwanangu."

Alikwenda Jumapili mchana. Maboksi yalikwisha kupangwa ukumbini, seti ya vikombe imefungwa kwa soksi za watoto. Yeter alimwekea chai na kitunguu kilichokaangwa ndani ya chapati. Veli alikaa chini karibu na mabinti wadogo, magoti yamegusa kidevu.

Haydar akahutubu. Alieleza kuhusu kozi, cheti, na haki za kijana aliyetimiza miaka kumi na sita. Akaeleza kwamba fedha ya serikali ni chambo, ikiisha imeisha na mlango umefungwa. Alihutubu vizuri, hata Yeter alitikisa kichwa.

Dursun alingoja amalize. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kirve. Na mimi nimechoka na kamba. Lakini nisikie vizuri. Zamani ulisema darasa la Kituruki ndilo jema, nikasema sawa. Sasa unasema Kijerumani ndicho chema. Wewe ni mtu wa maneno, nayapenda maneno yako, ila huyu ni mwanangu wa pekee wa kiume. Kilichobadilika ni nini?"

Angeweza kusema: sheria. Angeweza kusema: nyakati. Kulikuwa na majibu kumi, na yote angeyasema bila kukwama. Alimtazama Veli, akaona kijana ameshaanza kutabasamu, akiwa na hakika kwamba kirve ana jibu.

"Nilijua," Haydar alisema.

"Ulijua nini?"

"Niliambiwa. Kabla ya wewe kutia sahihi. Mwalimu aliniambia anayeingia mle hatoki. Nikamtoa Zöhre. Nilipomtoa walibaki ishirini na nne. Ndipo nikaja kwako."

Mmoja wa mabinti aliuliza kama anaweza kula kile kitunguu.

Yeter ndiye aliyesema kwanza, polepole, kama anayesoma. "Ulimpakata wewe. Ukamziba macho."

"Ndiyo, dada."

Dursun hakupaza sauti. "Mimi siku ile sikujua kusoma. Nilikuuliza, wa kwanza hapa juu ni nani? Unakumbuka?"

Haydar hakukumbuka. Aliyekumbuka meno yake kuhesabiwa, aliyekumbuka kila "wewe" ya miaka minane, hakukumbuka.

"Ukaniambia, wa kwanza ni wangu. Nikaona kamstari kamechorwa juu yake. Nikadhani ndivyo wakubwa wanavyoandikwa." Alinyoosha mkono. "Niletee karatasi yangu."

"Kirve, usiondoke kwa hasira. Nichukie mimi, unayo haki. Lakini baki. Kozi ipo, si uongo, muulize yeyote."

"Nimuulize nani? Miaka kumi na mitano nimekuwa nikikuuliza wewe."

Veli alikuwa ametoka nje, na mlango ulikuwa wazi.

Jioni ile ile Fidan aliipeleka fomu, kwa sababu Haydar hakuweza. Alirudi, akakaa bila kuvua koti. "Miaka kumi nimeamka saa kumi alfajiri," alisema, "nikidhani zamu yangu kweli iliombwa na hospitali."

"Niliiomba mimi."

"Nimeshajua, Haydar. Mtaa mzima umeshajua."

Wiki ya mwisho ya mwezi wa sita watu walipanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya wafanyakazi kiwandani. Haydar alisimama hapo na vikaratasi vyake vya USITIE SAHIHI. Kwa kawaida wangemtania: mzee wa hotuba, tupunguzie. Safari hii walivipokea kwa heshima na kuvikunja bila kusoma, jambo lililomuumiza kuliko matusi. Mmoja tu, mpishi wa mkahawa, alisema akipita, "Mwenzangu, ukiniambia baki, nikuulize kwanza, mwanao yuko wapi?" Waliokuwa nyuma yake wakatazama viatu vyao.

Dursun alipofika hakumkwepa. Alimsogezea fomu mbele ya macho. Ilikuwa imejazwa kila kisanduku, kwa Kijerumani kilichonyooka, herufi za duara zilizofungwa vizuri ambazo Haydar alikuwa akizisifu mezani tangu zilipokuwa kubwa kama mayai.

"Ameniandikia mwanao," Dursun alisema. "Karani anayekagua foleni anasema hajaona fomu safi kama hii tangu asubuhi."

Akaipitisha dirishani. Muhuri ukapigwa.

Haydar alimkuta Zöhre nyumbani akichambua dengu na mama yake. Alisimama mlangoni.

"Kwa nini ulimwandikia?"

"Kwa sababu alikuja na karatasi, baba. Umenifundisha mtu akija na karatasi harudishwi." Hakuinua macho. "Sikuwa nimesikia lolote bado; nilipomaliza ndipo akaniambia habari ya orodha. Akanibusu kichwani, akasema kosa si langu."

"Si lako. Ni langu."

"Najua ni lako. Ila kiti cha shule ile nilikikalia mimi. Veli alikuwa ananipa matangazo ya kazi nimsomee, anasema miwani ameisahau. Hana miwani, baba. Miaka yote nimekuwa namcheka."

Haydar hakukaa kimya baada ya hapo, kwa sababu kukaa kimya hakujui. Alikwenda ofisi ya wageni mara nne. Aliomba Veli abaki chini ya paa lake, asome kozi, atalala chumba cha mbele, atakula anachokula Zöhre. Karani alikuwa mpole. Alimfungulia kifungu, akamsomea: mtoto asiyetimiza umri wa utu uzima huondoka na wazazi, na fedha hailipwi mpaka wote wawe wamevuka mpaka. "Wewe ndiye nani kwa kijana huyu?" aliuliza, kalamu tayari. Haydar alianza kumweleza kirve ni nini. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akasema hana kisanduku cha hilo, na Haydar, aliyezoea kuwafokea watu wa namna hii, alitoka bila kufoka. Ingekuwa rahisi kuwapakia wao kosa lote. Lao lilikuwa kubwa. Walikuwa wamechimba shimo na kuliwekea kibao cha karibu. Lakini hawakumjua Veli kwa jina, wala hawakumshika mkono kumpeleka ukingoni.

Mwezi wa nane gari lilipakiwa: magodoro juu ya paa, jokofu, baiskeli ya Veli, mashine ya kushonea. Kwao mtu hasafiri safari ndefu bila kuombana radhi. Unapita kila mlango, unasema, haki yako niliyoila nihalalishie, naye anajibu ni halali yako, kisha anaomba yake. Usipofanya hivyo umebeba mzigo usioonekana. Dursun alianza ghorofa ya juu, akashuka mlango kwa mlango. Haydar alimsikia akikaribia. Alidhani atapita.

Hakupita. Alisimama kizingitini na kofia mkononi. Safari hii alikuwa amebisha hodi.

"Bwana Haydar. Nilichokula chako, nihalalishie."

Hakusema kirve. "Ni halali yako," Haydar alijibu. "Ni halali yako, yote. Na mimi..."

"Chai zako, fomu zako, ile siku ulipokesha na mimi hospitalini, vyote namshukuru Mungu. Na changu kilichoko kwako nakuhalalishia." Dursun aliivaa kofia. "Cha Veli si changu. Kamwombe mwenyewe."

Veli alikuwa amekwisha kukaa garini, dirisha wazi, dada zake wamebanwa na mito. Haydar aliinama. Watu wa mtaa walikuwa kando wakisubiri kupunga, kwa hiyo alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia, maana siri ilikuwa imemtosha.

"Veli, mwanangu. Nilikutumia wewe kumwokoa wangu. Nihalalishie."

Kijana alifikiri. Hakuonekana na hasira, alionekana kama mtu aliyepewa swali la hesabu na anataka kulijibu vizuri.

"Siwezi kusema sasa," alisema. "Bado sijui ni kiasi gani. Niulize nikishajua."

"Nitakuuliza."

"Ila usitume barua, kirve. Njoo."

Injini ikawaka. Gari lilitikisika, likatoka uani taratibu kwa uzito, mkono wa Yeter ukipunga upande mmoja na wa Veli haukuonekana upande wa pili. Fidan alikuwa ametoka na jagi la maji. Kwao msafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji.

Hakumwaga. Alimkabidhi Haydar jagi, akarudi ndani na Zöhre.

Haydar alikijua kwa moyo kifungu cha kutorudi, kwa Kijerumani na kwa Kituruki. Alimwaga maji yote juu ya lami, akatikisa na tone la mwisho. Gari likakunja kona kwenye duka la mikate.

"Tosun!" Kreutzer mlinzi alifoka kutoka dirishani mwake. "Yanaingia chini kwenye ghala hayo! Nani atakausha hapo?"

"Mimi," alisema Haydar, akaenda kutafuta tambara.